Jiwe la Milimita

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na nawaambia mapema ili tusije tukasumbuana baadaye. Wanaonijua hawataamini kwa sababu wananijua. Wasionijua wataguna, watasema mzee huyu ana maneno mengi, almasi halisi iliyonunuliwa kwa pesa ya vioo vya madirisha aliiona wapi. Niliiona. Niliishika kwa vidole hivi viwili. Tena siku ya mwisho wake hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo kuliko mimi, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Mwenye almasi ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Jina alilopewa na mama yake limebaki kwenye makaratasi. Mtaa mzima unamwita Milimita. Ni fundi vioo. Ukimwambia akukatie kioo cha sentimita arobaini, atakuuliza arobaini na milimita ngapi. Ukimjibu arobaini kavu, atafunga karakana, atakuja kwako na futi yake, apime dirisha juu, katikati na chini, halafu akuambie mbele ya mkeo kwamba dirisha limepinda, ukuta nao umepinda, na aliyekujengea amekula pesa yako. Wateja wengine hununa. Yeye haelewi wamenunia nini. Mtu ameuliza, amejibiwa.

Baba yake alifariki kabla mtoto hajaota meno, na mjomba wake wa pekee ni mimi. Kwa hiyo mazuri yote mnayoyaona kwake yametoka kwangu. Mabaya amejitafutia.

Naandikia humu humu karakanani, kwenye kona ya meza yake, maana kwangu hakuna meza isiyoyumba. Vioo vimesimamishwa ukutani kwa kufuata unene, vyembamba karibu na mlango, vinene ndani, na kati ya kimoja na kingine kuna gazeti visigusane. Meza imetandikwa blanketi la kijivu lililojaa chembe za kioo. Ukiegemeza kiwiko bila kuangalia, unaondoka na kumbukumbu. Yeye yuko nyuma yangu anakata. Ana kalamu ya kukatia yenye mpini wa shaba, na nchani imepachikwa chembe ya jiwe ambayo hata chawa angeiona ndogo kukalia. Anachovya ncha kwenye mafuta ya taa, analaza rula, anavuta mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kriii, kisha anakivunjia kioo ukingoni mwa meza. Mstari mmoja basi. Ukirudia juu ya mstari, anasema, ncha inakufa na kioo kinakatika kinakotaka chenyewe.

Lishikeni hilo, kwa sababu mpwa wangu anaishi hivyo hivyo. Neno lake ni mara moja. Salamu mara moja. Usiposikia, shauri lako. Alipokuwa darasa la sita alimwambia mama yake kuwa mwalimu wa hesabu anakosea kuzidisha. Dada yangu akamwambia anyamaze. Akanyamaza, na hakulitaja tena mpaka mwalimu alipofukuzwa kazi kwa kutojua hesabu. Hilo la kufukuzwa nimeongeza. Alihamishwa.

Mbele ya karakana kuna dirisha kubwa la kioo kimoja kizima, kisafi mpaka ndege hukosea na kukigonga. Kutoka hapa nilipokaa naona upande wa pili wa barabara mlango wa kijani. Siku hizi wanauza simu mle. Wakati ule lilikuwa duka la mshona mapazia.

Mshona mapazia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni badala ya mkufu, na pini mdomoni siku nzima, hata akazoea kuzungumza bila kuachanisha meno. Siku ya kwanza alivuka barabara kuja kuuliza vipimo vya dirisha la mteja wao mmoja. Akaweka mkono mezani. Mwanamume mwingine angetazama uso, na uso ulikuwepo, tena mzuri. Mpwa wangu akatazama pete.

"Hiki ni kioo," akasema.

Mwenzake alidhani wanazungumzia dirisha. Alipoelewa kuwa ni pete, alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola, akamweleza kwamba ile ni almasi, mchumba wake alimvisha mwaka wa nne huo, na ina cheti. Milimita akamwambia kingo za jiwe lile zimelika kwa kuvaliwa, na almasi hailiki namna hiyo. Kisha akampa vipimo vya dirisha alivyovifuata. Mama wa watu akaondoka bila kuaga.

Baada ya wiki mbili akarudi, kidole kitupu. Alikuwa amekwenda kwa sonara, akaambiwa yale yale. Akatoka hapo akaenda kumuuliza mchumba, na huko akagundua kwamba uongo haukuwa wa jiwe peke yake. Kulikuwa na mke, na mke alikuwa na watoto wawili. Akasimama hapa hapa mezani akauliza, "Ulijuaje?"

"Nashika vioo kutwa."

Akacheka mpaka akashika meza. Ndivyo mpwa wangu alivyompata mwanamke, kwa kuitukana pete yake. Mimi niliyetumia barua za kurasa nne na manukato ya kuazima nilimpata wangu kwa jasho, naye akaniacha kwa sababu eti nasema sana.

Basi wakawa wanakula pamoja mchana, yeye akivuka au mwenzake akivuka. Niliwatania kila siku. Nilisema mmoja anawauzia watu mwanga na mwingine anawauzia cha kuuzibia, na mwenye nyumba analipa mara mbili abaki gizani kama alivyokuwa. Mshona mapazia aliniita Mjomba kama mtu wa nyumbani, na sahani yangu aliijaza bila kuambiwa. Hilo halina chumvi, ni kweli tupu.

Mwaka ulipotimia, Milimita alimwambia anataka kumuoa. Alimwambia mara moja, mwenzake akiwa anapiga pasi pazia la mita sita. Pasi ikasimama mpaka kitambaa kikaanza kunukia. Halafu akasema maneno ambayo mpwa wangu alinisimulia jioni ile na sijayasahau.

"Pete hata ya bati nitavaa, na nitaringa nayo. Ila ukiniambia ni almasi, iwe almasi. Sitaki kudanganywa kidole kile kile mara mbili."

Mtu mwenye akili angenunua bati. Milimita mwenyewe alikuwa tayari ameona pete ya fedha, nyembamba, safi, pesa yake anayo mfukoni. Niliyemzuia ni mimi. Nilimwambia mwanamke aliyevishwa kioo kikubwa, ukimvisha kitu kisicho na jiwe, dada zake watamcheka ndani ya mioyo yao, naye atajiona ameshuka ngazi. Nikamwambia wewe ndiye uliyemwambia lile ni la uongo, sasa ni juu yako kumwonyesha la kweli likoje. Akasema sawa. Alisema mara moja.

Ikachukua miaka miwili. Miaka hiyo sikumwona na shati jipya. Baiskeli ya kubebea vioo aliiuza, akawa anavibeba mgongoni kwa mkanda, akipita mtaani unamwona kama mlango unaotembea. Kila kitu alikipima kwa madirisha. Ukipeleka kiatu kushonwa anakuambia hilo ni dirisha la choo. Ukinywa soda mbili, umekunywa kioo cha picha ndogo. Mshona mapazia alikuwa anasubiri na hakuuliza, akishona mapazia ya nyumba za wengine, na nadhani alikuwa na yake kabatini.

Siku ya kwenda kwa sonara nilimsindikiza, kwa sababu mambo ya almasi nayajua. Ujanani nilifanya kazi mgodi wa almasi miaka mitatu, nikiwa mtu wa kutegemewa kabisa na wakubwa...

Amepita nyuma yangu kuchukua kioo, amesoma. Anasema, "Siku kumi na tisa. Getini."

Sawa. Siku kumi na tisa. Nililinda geti la magari, nilikuwa nachungulia chini ya malori kwa kioo cha fimbo, na almasi sikuiona hata ya picha. Lakini nilivaa kofia ya mgodi, na kofia ile niliivaa mtaani miaka mitatu.

Duka la sonara lilikuwa na upana wa kitanda. Mwenyewe mzee mfupi, lenzi imebanwa jichoni, nyuma yake mkewe na funguo kiunoni. Milimita akataja pesa aliyonayo pale pale mlangoni, jambo nililomwonya asilifanye. Mzee hakumcheka. Akatandaza kitambaa cheusi, akaweka mawe matatu kwa kibano. Moja kubwa, lina umanjano kama punje ya hindi. La pili la kati, ndani yake kuna doa jeusi. La tatu dogo, jeupe, safi kabisa. Akaeleza kwamba watu wenye pesa ndogo hukimbilia ukubwa, na hapo ndipo wanapokosea, kwani jiwe linaishi kwa lilivyokatwa. Likikatwa vizuri mwanga unaingia na kurudi usoni pako, likikatwa vibaya unaingia na kupotelea chini.

Mimi nilitaka lile la manjano. Nilisema lionekane, tumetoka mbali. Mpwa wangu akaomba lenzi, akainama juu ya mawe kama anavyoinama juu ya kioo anapotafuta viputo vya hewa. Kisha akatoa mfukoni kipande cha kioo alichokuja nacho, amekifunga kwenye gazeti, akaomba ajaribu kuchora. Sonara akamwambia asijisumbue, kioo kinachorwa hata na kokoto nyeupe ya barabarani, hakithibitishi lolote. Akamwonyesha kidude chake kama kalamu, kikigusa almasi kinawaka taa. Milimita akafurahi kufundishwa. Mimi mjomba nikaona nimeachwa nje ya mazungumzo, nikachukua pete moja ya maonyesho, nene, ya mtu mkubwa, nikaivaa kidole cha kati nione inavyonikaa.

Ikakaa. Ikakataa kutoka. Nikavuta, kidole kikavimba. Mke wa sonara akanipeleka nyuma kwenye beseni na kipande cha sabuni, akawa ananikanda kidole huku akiniuliza nina umri gani. Ilituchukua nusu saa. Na katika nusu saa ile mbele ya duka yalisemwa maneno ambayo ningeyasikia, leo nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Nilikuja kuyajua baadaye. Lile dogo safi lilizidi pesa ya Milimita kwa mbali. Sonara alipoona uso wake, alifungua droo akatoa jiwe la nne, limekatwa vizuri kuliko yote, jeupe, tena kubwa kidogo kuliko lile safi, kwa bei ya nusu. Akamwambia wazi sababu ya bei: pembeni lina ufa mwembamba kama unyoya, jicho tupu haliuoni. Mtu mwingine angeaga. Mpwa wangu alilitazama kwa lenzi mpaka mzee akachoka kusimama, halafu akauliza swali ambalo ni fundi vioo tu angeuliza.

"Ufa huu nikiuficha ndani ya fremu?"

Sonara akacheka, akasema hajapata kuuziwa hekima na mteja. Wakakubaliana jiwe lipachikwe hivi kwamba ukucha mmoja wa pete uukumbatie ufa. Kioo chenye ufa pembeni, Milimita huniambia, kikishikwa vizuri kinakaa miaka hamsini. Sonara akaandika cheti, ufa akautaja humo humo kwa sababu hakuwa mwizi, na akamwonya asiruhusu mtu yeyote aligonge. Nilipotoka na kidole changu chekundu, walishapeana mikono. Nikaambiwa tu jiwe limepatikana. Nikalitazama. Niseme ukweli, lilikuwa dogo kama ncha ya kalamu, na liliponigeukia lilinitoboa macho.

Mpwa wangu alipanga kumweleza mwenzake habari ya ufa siku ya kumvisha, kabla hajaitikia. Alikuwa amelitayarisha neno lake. Angelisema mara moja.

Jumapili mchana tukaenda kwa mama yake mshona mapazia. Sebule ndogo, mapazia mazuri kuliko nyumba yenyewe, kwenye meza cherehani imefunikwa na pembeni pasi nzito ya chuma. Alikuwepo mama, amevaa miwani ya kusomea ingawa hakukuwa na cha kusoma, na dada mkubwa wa mshona mapazia, karani wa benki, mwenye pete yenye jiwe ambalo liliingia sebuleni kabla yake. Mimi kama mkubwa wa upande wetu nikafungua mazungumzo, nikayashika, na sikuyaachia. Milimita alijaribu kuanza mara moja, nikamwambia ngoja. Nilizungumzia ukoo wetu. Nilizungumzia mgodi. Mwisho nikamsukuma bega, akapiga hatua, akamvisha pete, na lile neno lake likabaki kooni.

Mshona mapazia aliinua mkono dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akafungua meno yote. Dada yake akasogea kutazama.

"Shemeji," akasema, "na hii nayo ni kioo?"

Ulikuwa utani. Mama alicheka kidogo, mimi nikacheka sana. Mshona mapazia hakucheka. Alikunja vidole, pete ikawa ndani ya ngumi.

Milimita akatia mkono ndani ya koti kutoa cheti. Nauona mkono ule mpaka leo, uko nusu ndani nusu nje, na laiti ile pete ya dukani kwa sonara ingeninasa mdomoni badala ya kidoleni, ningeshindwa kusema. Lakini nilishasimama. Nikawaambia cheti ni karatasi, mimi nimelala na kuamka na almasi, na mtu yeyote wa mgodini anajua kwamba almasi ya kweli haivunjiki. Nileteeni nyundo.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, acha. Jiwe ni la kweli, ila lina ufa. Halitakiwi kugongwa."

"Tayari lina ufa," dada mtu akamwambia mama yake, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia.

Mshona mapazia akamtazama Milimita. Nilikuwepo, na ninajua alichokuwa anangoja: aseme tena. Aseme mara ya pili, mara ya tatu, apige meza, alie, afanye lolote anavyofanya mtu mwenye ukweli. Mpwa wangu alikuwa ameshachora mstari wake. Alisimama, mkono kotini, akisubiri uamuzi ukatike ulipochorwa.

Basi mwenzake akavua pete. Akaipindua ile pasi juu ya meza, akaweka pete kwenye bapa la chuma, akaenda mwenyewe kwenye droo ya vyuma vya mapazia akaja na nyundo, akanipa. Hakuniangalia.

"Piga, Mjomba."

Nami nikagusa tu, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, na kwa bahati mbaya jiwe...

"Mara tatu," anasema nyuma yangu. Hajasimamisha kalamu yake.

Ni mara tatu. Ngoja niandike ilivyokuwa. Ya kwanza nilipiga kwa kiasi, na jiwe likakaa. Halikupata kitu. Mama akashusha pumzi, dada akasema haya basi, na mshona mapazia akatabasamu upande mmoja wa mdomo na kunyoosha mkono kuichukua pete yake. Mkono ulikuwa njiani. Kama kuna mahali katika maisha yangu ningepewa nafasi ya kurudi, ni pale, mkono ule ukiwa njiani. Lakini macho yote yalikuwa kwangu na nilikuwa sijashiba. Nikamwambia ngoja, bado hamjaona. Nikapiga ya pili, likakaa. Ya tatu niliinua mkono mpaka juu ya bega.

Likawa unga. Kama sukari iliyomwagika, na katikati chembe moja iliyokuwa kubwa kidogo kuliko wenzake. Dada mtu hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Aliinuka taratibu akaenda kuleta ufagio.

Milimita akatoa cheti sasa, akampa mwenzake. Mshona mapazia akakisoma hadi mwisho, na pale palipoandikwa ufa akapitisha kidole.

"Yule naye alikuwa na cheti," akasema.

Akamrudishia karatasi, akamrudishia na pete, makucha manne yameshika hewa. Mpwa wangu akalowesha kidole, akaokota ile chembe na unga aliouweza kabla ufagio haujafika, akaukunja ndani ya cheti. Akamuaga mama mtu kwa adabu. Tukatoka.

Njiani nilimwambia ameibiwa. Nilisema sonara yule nitamfunga, kesho tunakwenda wote. Tulikwenda. Mzee alifungua karatasi, akagusa ule unga na kile kidude chake, taa ikawaka. Akagusa tena kwingine, ikawaka. Akauliza nani aliyepiga. Mpwa wangu akamsimulia maneno ya mwenzake kuhusu cheti, mpigaji hakumtaja, na mimi nikawa natazama beseni kule nyuma. Sonara akasema kutochorwa si kutovunjika, na mtu wa vioo analijua hilo, maana msumari hauwezi kuchora kioo lakini mpira wa watoto unakivunja. Halafu akaweka lenzi mezani akaniangalia kwa macho yake mawili matupu. Alisema fundi akienda kujieleza kwa mwanamke yule atakuwa mwanamume wa pili anayejitetea na karatasi mkononi. Aende aliyeshika nyundo. Aseme hajawahi kuona almasi, aseme alikuwa anajigamba, na jiwe lilikuwa halisi.

Nikaahidi. Mpwa wangu akaniambia, "Nenda, Mjomba." Mara moja.

Kutoka mlango huu hadi ule wa kijani ni hatua ishirini na mbili. Milimita aliwahi kuzipima, msiniulize kwa nini. Siku ile nilioga, nikavaa shati la mikono mirefu, nikatoka. Jioni nikamletea jibu kwamba nimekwenda, nimesema yote, na mwanamke amekataa kusikia. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza neno lingine.

Miezi mitano baadaye mkokoteni ulisimama kule ng'ambo. Wakapakia cherehani, pasi, na marobota ya vitambaa. Mshona mapazia alifunga mlango wa kijani, akageuka, akatazama huku kwenye kioo. Milimita alikuwa amesimama pale dirishani. Akainua mkono, mara moja. Mwenzake alisimama kama anayengoja kitu kingine, kisha akaufuata mkokoteni. Alikohamia sikujua, na mpwa wangu hajaoa hadi leo, na nywele zake za pembeni zimekuwa nyeupe.

Ile chembe sonara aliipachika kwenye ncha ya kalamu ya shaba bila kudai malipo. Ndiyo anayokatia sasa hivi. Dirisha la zahanati, kioo cha kinyozi, fremu za picha za harusi za watu, vyote vimepita chini ya jiwe la mshona mapazia, na kila kinapopita kinalia, kriii, nami nakaa hapa nasikia kutwa. Anasema haijawahi kutokea ncha nzuri kama hii.

Lakini msinifikirie vibaya. Nisije nikaonekana mtu asiyetimiza ahadi, nitawaeleza siku ile nilivyokwenda. Nilivuka barabara ile magari yakinipigia honi pande zote, mvua ya mawe inanyesha, nikafungua mlango wa kijani bila hodi. Mshona mapazia alikuwa na pini mdomoni. Nikapiga magoti, mimi na umri huu, mbele ya wateja wake saba, nikamwambia, mwanangu, jiwe lilikuwa la kweli, mwongo ni mimi, nililinda geti tu, na machozi yakanitoka hata yeye akatoa pini mdomoni moja moja akaniinua kwa mikono yake akaniambia, Mjomba,

"Mjomba." Kalamu imenyamaza nyuma yangu. "Nilikuwa nimesimama hapa dirishani. Hukuvuka barabara."